Tunguu Hakuna Dirisha la Kushushia Kikapu

Idrisa, babaangu,

Salamu nilishakupa asubuhi ukanijibu na mswaki mdomoni, kwa hiyo sizirudii hapa. Hali yangu unaijua kuliko daktari. Na wewe hujambo, maana hivi sasa nakusikia huko juu ukiburuta maboksi ya vitabu, na vumbi la chokaa linaniangukia kwenye karatasi. Nimekaa dukani, nyuma ya meza ya marehemu babako, baina ya alasiri na magharibi, saa ambayo kwa kawaida wateja huja. Leo wameamua kunipisha niandike.

Kesho unahamia Tunguu. Watu wakisikia namwandikia mwanangu barua ya kuagana watadhani anakwenda Muskati. Tunguu! Mtu akisahau ufunguo wake anaurudia, na chai aliyoiacha mezani bado ya moto. Lakini mimi nimezaliwa Mji Mkongwe, nikaolewa mtaa wa pili, na tangu hapo safari yangu ndefu ni kwenda Jang'ombe kwa dadangu, nayo nikirudi hulala mchana kutwa. Kwangu mimi Tunguu ni ughaibuni.

Sitakwambia ule vizuri, wala uchomekee chandarua, wala usikae na watu wa ovyo. Hayo shangazi yako atakwambia kesho mlangoni, na usipojibu kwa haraka atayarudia kwenye simu. Mimi nina jambo moja tu, lile uliloniomba nikalizungushazungusha. Juma lililopita, mbele ya Suleimani wa duka la vyakula na wateja wake waliokuja kununua mchele na kuondoka na habari zetu, ulisimama ukasema, "Mama, nnafungua duka la vitabu Tunguu, karibu na chuo. Nnataka radhi yako."

Nikacheka. Nikasema, "Tunguu hakuna dirisha la kushushia kikapu! Utamuuzia nani, kuku?" Watu wote wakacheka. Wewe hukucheka, na mimi nilipokuona hucheki nikazidi kusema, kama kawaida yangu. "Haya, ngoja mwakani, ntakupa."

"Mwakani mbali, Mama."

"Basi Mfungo Tatu, mwezi wa Hija."

"Juma lijalo."

"Mfungo Mosi, Ramadhani ikishatoka tu, na usinambie kitu tena."

Tukapatana radhi ya mzazi namna mtu anavyopatana fungu la dagaa, na hata hivyo hatukuafikiana. Ukaondoka hujaipata. Tokea siku hiyo unaniita "Mama" kwa sauti ya mtu anayemwita karani wa ofisi ya ardhi, na chai yangu unaniletea bila kuniuliza kama sukari imekolea.

Unanijua kwa kupatana bei, wala sijifichi. Siku nilipong'olewa jino, mdomo umeshatiwa ganzi, nilimpatana daktari kwa vidole mpaka akapunguza ili aendelee na kazi. Mamangu alinambia kwamba anayetoa bei ya kwanza aliyotajiwa hamheshimu muuzaji wala mfuko wake. Nimeishi na neno hilo, limenifaa sana sokoni, na limenitia aibu mara moja kubwa na mara moja ndogo. Wacha nikuhadithie ile ndogo kwanza, ingawa nusu yake unaijua. Ulikuwa mdogo, na wadogo hukumbuka vichekesho tu.

Babako, Mungu amrehemu, alikuwa muuza vitabu hasa. Mtu akiingia akasema nataka kile chekundu chenye mtu na ngazi, babako alikwenda rafuni macho yamefumba akakitoa. Skuli zilikuwa zikinunua kwake, walimu wakipita jioni kuona kipya, na sisi tukila kwa hivyo vitabu, tukivaa kwa hivyo vitabu. Kisha skuli zikaanza kuchukua vitabu vyao kwingine. Vijana wakahamia kwenye simu. Walimu wakawa wanapita, wanasalimu, hawaingii. Babako akaliona hilo kabla yangu, na akaugua nalo. Siku zake za mwisho alinishika mkono akanambia, "Mwanaidi, vitabu vimekwisha. Funga duka, ulikodishe, ukae kitako upumzike." Nikamwambia, "Inshaallah," neno ambalo baina ya mume na mke lina maana nyingi.

Nilipotoka eda nikafungua mlango. Nilikuwa nishauchoka ule ukimya wa juu, na kazi nyingine siijui. Kwa kweli hata hii nilikuwa siijui.

Ngoja, kaja mteja.

Hakuwa mteja. Mgeni, kachomwa na jua mpaka amekuwa rangi ya kamba wa kuchemsha, alitaka kujua njia ya Forodhani. Nimemwelekeza ile njia ndefu, ili akipotea apite tena hapa.

Nilikuwa nasema sikuijua kazi. Basi la kwanza nililofanya, niliwaona hawa wageni wanavyopita makundi kwa makundi, nikasema riziki ile inapita mlangoni kwangu na mimi nimekaa na kamusi. Nikavirudisha vitabu nyuma, mbele nikapanga vinyago, sumaku za kubandika kwenye friji, na kanga zilizokatwa zikawa mikoba. Wageni wakaja kweli. Wakapiga picha mlango wetu, ule wenye misumari ya shaba, wakasema unapendeza, wakenda kununua vinyago kwa jirani ambaye anajua kuviuza. Na wale watu wetu wachache waliokuwa wakija kwa vitabu, walichungulia, wakaona sumaku, wakadhani nimefilisika. Mmoja alinipa pole.

La pili nililofanya ni la nailoni. Niliona watu wanasimama rafuni wanasoma, wanaweka alama kwa kukunja ukurasa, kesho wanarudi wanaendelea, mpaka kitabu kinakwisha hakijanunuliwa. Mzee mmoja alisoma riwaya nzima kwa njia hiyo, na alipofika mwisho akanilalamikia kwamba mwisho haukumridhisha. Nikapandwa na hasira. Nikavifunga vitabu vyote kwa nailoni, kimoja kimoja, wewe ukinishikia mkasi. Duka likang'ara kweli. Mtoto wa Suleimani aliingia akaniuliza biskuti zile ni za ladha gani. Ndani ya nailoni vile vitabu havikusomwa bure tena, wala havikusomwa kwa fedha, na yule mzee hakuonekana mpaka nilipomtumia salamu kwamba mkasi umepita.

Hapo ndipo palipoingia Bi Zuhura.

Nakuandikia kana kwamba humjui, kwa sababu nataka umwone kama nilivyomwona mimi siku zile. Bi Zuhura wa ghorofa ya pili, juu ya duka la Suleimani, ameshahiji, amemfundisha Kurani nusu ya mtaa huu, na wewe umo, na bakora yake bado unaikumbuka. Magoti yalipomkatalia ngazi, akawa haji chini. Alikuwa na kikapu cha ukili, kamba, na kengele ndogo ya mbuzi. Kengele ikilia, kikapu kinashuka, mwenye kuwa karibu anatia alichoagizwa, kinapanda. Madirisha mengi ya kwetu yana vikapu hivyo, hata wageni wanajua kuvipiga picha. Muuza mkate alikuwa akipita mapema, akiniachia mimi ule mkate wa bofulo wa Bi Zuhura umefungwa gazeti, kwa sababu meza yangu iko mkabala na dirisha lake. Kazi yangu ni kusikia kengele na kuutia kikapuni.

Siku hiyo mezani palikuwa na vifurushi viwili vya gazeti. Kimoja bofulo. Cha pili riwaya ya mapenzi aliyoiagiza Mwalimu Makame wa Jang'ombe, ambayo jaladani ina bibi aliyevaa gauni lisilo na mabega, ndiyo maana nikaifunga gazeti. Na mlangoni palikuwa na muuza samaki mwenye changu mzuri na bei mbaya. Tuko katikati ya kupatana, karibu namshinda, kengele ikalia. Mwalimu Makame naye akatokea, ana haraka. Mkono mmoja nikampa mwalimu kifurushi, mkono mwingine nikatia kifurushi kikapuni, mdomo haukumwachia muuza samaki hata kidogo. Changu nikampata kwa bei yangu, na nikajiona mwanamke wa maana kabisa.

Baada ya saa Mwalimu Makame akarudi na uso mrefu. "Bi Mwanaidi, nimemwambia mke wangu asinisumbue, nnasoma. Nimekaa kitako, nimevaa miwani, nimefungua bofulo."

Nikatazama juu. Dirisha limefungwa.

Idrisa, sijaogopa namna ile tena. Nilikwenda kusali nikasahau rakaa. Bibi aliyenifundisha herufi ya kwanza, nimempandishia kwa mkono wangu gauni lisilo na mabega! Siku ya pili kengele haikulia. Ya tatu ikalia, kikapu kikashuka kitupu, hamna kitabu wala neno. Nikatia mkate. Kikapanda. Nikawa nangojea aniite aniapize.

Mpaka alasiri moja, baraza za milangoni zimejaa watu, dirisha likafunguliwa pa! Na unaijua sauti yake, haikuhitaji spika. "We Mwanaidi!"

"Naam, Bi Zuhura. Shikamoo."

"Marahaba. Yule kijana mpumbavu kaoa au hakuoa? Hichi kitabu kimekwisha yuko bandarini na sanduku! Cha pili kiko wapi?"

Kisha mwanamke wa dirisha la tatu akauliza, "Kijana yupi, Bi Zuhura?" Bi Zuhura akaanza kuwahadithia. Alihadithia tangu mwanzo, kwa mikono na macho, akamtukana mama mkwe wa kwenye riwaya kwa majina ambayo mwandishi mwenyewe hakumpa, na watu waliokuwa wanapita wakasimama. Alipofika bandarini akakatisha. "Yaliyobaki msome wenyewe, mimi si redio," akafunga dirisha. Jioni ile niliuza nakala zote nilizokuwa nazo. Vikapu vitatu vilishuka kabla ya magharibi, na hamna hata kimoja kilichotaka mkate. Mwalimu Makame, mwenye kitabu chake, aliambiwa asubiri zamu.

Ikawa desturi. Kila akimaliza kitabu Bi Zuhura hufungua dirisha na kuutangazia mtaa, na hana huruma. "Hichi msinunue, mwandishi kakimaliza kwa pupa kama mtu aliyeacha sufuria jikoni." Hapo mimi chini nafunika uso. Lakini akisema "hichi kizuri," watu wanatoka na kandambili zisizolingana. Nikavitoa vinyago. Mkasi ukapita kwenye nailoni. Hata yule mzee wa kusoma bure nikamtilia kiti, kwa sababu niligundua akicheka peke yake rafuni, wengine huja kuangalia anachekea nini.

Sasa ile aibu ndogo niliyokwambia. Duka likaanza kupumua, na mimi nikaanza kujiona mjanja. Nilikuwa na boksi zima la kitabu cha ufugaji wa ng'ombe wa maziwa, alichonunua babako wakati wa matumaini. Mji Mkongwe, Idrisa, ambako ng'ombe hata akitaka kugeuka hana pa kugeukia. Nikapanda ngazi kwa Bi Zuhura na kashata. Nikamwambia, bibi, wewe soma vitabu vyangu vyote bure, milele, nami nakuomba unisifie hichi kimoja tu. Akanitazama. Akasema, "Mwanaidi, unanipatana mimi?" Nikasema hapana, nnaomba. Lakini nilikuwa nampatana, na yeye kwa kuwa ananipenda akakubali.

Alasiri yake akafungua dirisha akasema, taratibu kama anayesoma tangazo la msiba, "Kuna kitabu cha ng'ombe. Kizuri. Kinunueni." Akafunga. Baraza zote zikatazamana. Hakuna aliyecheka. Na siku zilizofuata, aliposifia riwaya nzuri kwa haki yake, watu walisikiliza wakaendelea na kahawa. Vikapu vikarudi kwenye mkate. Niliichukua sauti ambayo mtaa mzima ulikuwa ukiiamini nikaichezea kwa kashata, na nilipoiangalia tena haikuwa kitu. Bi Zuhura mwenyewe akawa hafungui dirisha. Hilo ndilo lililoniuma zaidi, si mauzo.

Ulikuwa kijana mdogo wakati ule, ukaniuliza kwa nini silali mchana. Nilikuwa natafuta njia ya kutoka. Mwisho nikasimama katikati ya njia, saa ya watu, nikapiga kelele kuelekea juu, "Bi Zuhura! Kile kitabu cha ng'ombe, kwa Mungu, umekisoma?"

Kisha dirisha likafunguka kidogo. "Ukurasa wa kwanza nililala!"

"Na kwa nini ukasema kizuri?"

"Kwa sababu kashata zako zilikuwa nzuri!"

Mtaa ulicheka mpaka Suleimani akakaa chini juu ya gunia la mchele. Nikaomba radhi hapohapo, na mvua za kusimangwa zikanipiga mwezi mzima: kila aliyepita alilia kama ng'ombe. Lakini vikapu vikarudi. Hata kile kitabu kikapata mtu. Mwalimu Makame alikuwa na shemeji mwenye ng'ombe kweli huko Jang'ombe, uwani, baina ya choo na jiko, akanunua nakala moja akasema imemsaidia. Nakala zilizobaki ziko kwenye maboksi yako. Umezichukua hujui, nilizitia chini ya kamusi. Huko Tunguu kuna majani.

Ngoja tena.

Yule mgeni wa Forodhani amerudi. Amepotea, kama nilivyopanga. Nimempa kiti na maji, na sasa anamsikiliza Bi Zuhura anayegombana na muuza urojo, anadhani ni hadithi.

Naendelea. Ulipokuwa mkubwa ukaja na simu. Ukapanda kwa Bi Zuhura, ukamwomba ruhusa, ukamrekodi, ukawa unairusha sauti yake kwenye makundi ya watu. Mimi nikasema umeleta mwizi nyumbani. Simu ndiyo iliyotuua, na wewe unaikaribisha kwa chai. Tukagombana siku nyingi. Kisha akapiga simu Bi Mize wa Bwejuu, mkulima wa mwani ambaye hatujapata kumwona. Wanawake wenzake wanakaa kufunga mwani kwenye kamba, simu iko katikati, Bi Zuhura anahadithia. Wakataka kitabu. Ukakikabidhi kwa utingo wa gari la Bwejuu. Huko mmoja akawa anasoma, mikono ya wengine inafanya kazi. Baada ya muda kikarudi kimevimba kama mkate, chumvi tupu, na salamu: "Kimeanguka majini kijana hajaoa. Tunaomba kingine upesi."

Nilikwambia ni bahati tu. Niliendelea kusema bahati mpaka Bwejuu wakawa wananunua kuliko mtaa wetu, na hata hapo sikusema umefanya vizuri. Nilisema, "Angalia utingo asikuibie." Sasa naandika: ulifanya vizuri, Idrisa. Dirisha la Bi Zuhura ulilichukua ukalipeleka mpaka pwani, na mimi nikabaki nagombana na simu.

Na juma lile, baada ya wateja wa Suleimani kutawanyika, nilikuuliza tena kwa ubishi, hao wanafunzi wa Tunguu wanasoma kila kitu kwenye simu, watafuata nini kwako? Ukasema, "Watafuata fotokopi, Mama. Na chai ya tangawizi." Nikasema basi wewe unafungua duka la fotokopi. Ukanijibu jibu ambalo limenikaa rohoni juma zima: "Na Bi Zuhura alishusha kikapu kwa ajili ya mkate."

Nikaenda kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

Leo asubuhi ulipokwenda kutafuta gari la kubebea maboksi, kengele ililia. Nikatoka na bofulo. Kikapu hakikushuka. Bi Zuhura ameegemea dirisha, na chini baraza zimejaa, unajua watu wa hapa wanavyonusa.

"Mwanaidi. Mtoto anaondoka kesho?"

"Naam, bibi."

"Umempa radhi?"

"Nnafikiri, bibi."

"Unafikiri nini? Unangoja akupunguzie?"

Walicheka wote, Idrisa. Suleimani alicheka, yule mzee wa kusoma bure alicheka, kahawa ilimwagika. Nami nikacheka nao, kisha nikaingia ndani nikalia nyuma ya rafu ya vitabu vya skuli, ambako nilijua hakuna mtu atakayekuja.

Nitakwambia nilichokuwa nakifikiri. Nilikuwa naogopa. Naogopa duka lisipate mtu urudi umenyamaza, kama babako alivyonyamaza. Naogopa likipata watu usirudi kabisa. Na naogopa huku chini kukiwa kimya, ngazi zikiwa kimya, nipike chungu kidogo. Nikataka kungojea kungojea, mwezi huu, mwezi ule, labda uchoke. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikikupatana, na hiyo ndiyo ile aibu kubwa.

Lakini kuna kitu ambacho sikukwambia mimi wala hakuna anayekijua. Asubuhi ile nilipotoka eda nikafungua mlango huu, nilifungua bila neno la mtu. Babako alikuwa ameniambia nifunge, akaenda kwa Mola wake. Sikuwa na wa kumuuliza. Kila siku mbaya iliyonipata hapa, siku za sumaku, siku za nailoni, siku za ng'ombe, nilikaa nyuma ya meza hii nikasema: unaona, Mwanaidi, uliambiwa. Kama si ile kengele ya mbuzi ningefunga. Duka ni zito sana kulifungua ukiwa hakuna aliyekwambia fungua. Nalijua hilo kuliko ninavyojua bei ya changu, na nusura nikubebeshe wewe uzito huohuo uende nao mpaka Tunguu.

Yule mgeni ameondoka. Amenunua riwaya ya Kiswahili asiyojua kuisoma hata neno, kwa sababu Bi Zuhura alimwonyesha kwa kidole kutoka juu. Na safari hii nimemwelekeza njia fupi.

Magharibi inaingia, sina budi kufunga mlango. Huko juu umeacha kuburuta, nafikiri umekaa juu ya boksi umechoka. Barua hii nitakuwekea juu ya sahani yako ya chakula, uisome kabla wali haujapoa.

Kesho nenda mbele na maboksi, upange rafu zako utakavyo, nisikusemeshe. Nitakuja baadaye na dadangu. Mimi nataka niwe mteja wako wa kwanza. Nitachagua kitabu, nitakuuliza bei. Kwa kuwa unanijua, mdomo wako utataka kutaja kubwa ili upate pa kushukia. Usifanye hivyo, baba. Taja bei yako ya kweli, kwa sauti, wanafunzi wasikie, maana nitaitoa papo hapo, wala sitauliza ya mwisho ngapi.

Na radhi yangu hii hapa, yote, haikupunguzwa na haingojei Mfungo Tatu wala Mfungo Mosi. Nimekuridhia duniani na akhera, ukiuza na usipouza.

Fungua duka, Idrisa.

Mamako,
Mwanaidi, wa chini ya dirisha